Shukrani Kabla ya Tonge

Pongezi kwa wazazi wa eneo la Amani, wilayani Muheza, wanaowafundisha watoto kumtaja Mungu kabla ya tonge la kwanza. Mwislamu husema "Bismillahi", akishiba "Alhamdulillahi". Jirani yake Mkristo hufumba macho, huomba, kisha wote mezani huitikia "Amina". Ni maneno machache, lakini huuzuia mkono wenye pupa na kumkumbusha mlaji kwamba ugali haukujileta. Kuna aliyelima kwenye miteremko ya Usambara, aliyechanja kuni, aliyepika. Utaalamu nao haukukosekana: Wajerumani walianzisha hapa Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Hata hivyo, mvua bado haiamriwi na mtaalamu yeyote. Mzazi, usiache sahani iitangulie shukrani.