Mwimbaji wa Kununuliwa

Kuna tusi moja tunalolisikia mara kwa mara katika mji wetu wa Butembo, na kule Beni vilevile: "Huyu ni mwimbaji wa kununuliwa." Linasemwa kwa sauti ya chini, wakati mwenyewe amekwisha kupita na gitare yake mgongoni. Tumelisikia sokoni, tumelisikia mbele ya mlango wa kanisa kisha Missa, na tuseme kweli, tumelisikia hata kwenye meza ya seminari. Wachuuzi wetu hawapokei noti ya dola mbele ya kuiinua kwenye mwanga na kutazama kama haikupasuka pembeni. Neno linalomnyanganya mtu heshima yake nalo lastahili kuinuliwa hivyo.

Wale wanaolitumia, ukiwauliza, wanaleta mashitaki matatu wakiyafunga katika furushi moja. Wanasema anaimba kwa feza. Wanasema anaimba yale aliyoagizwa. Wanasema haamini anayoyaimba. Sisi tunaona kwamba furushi hili lapaswa kufunguliwa.

Juu ya feza hatutakawia. Bwana wetu alipowatuma wale wanafunzi wawili wawili, hakuwakatalia wafanyakazi mshahara wao. Na wazee wetu walipopiga eluma siku ya sikukuu, kila mmoja na filimbi yake ya sauti moja, walipewa kasiksi na nyama, wala hatukusikia kwamba mtu aliona haya.

Juu ya kuagizwa, tuwakumbuke waalimu wakubwa ambao tunafundishwa kuwaheshimu. Joseph Haydn alitia sahihi mwaka wa 1761 katika nyumba ya wakubwa wa Esterházy: alipaswa kuvaa nguo ya watumishi wa nyumba, kutunga kila alichotaka mkubwa wake, wala asimpe mtu mwingine muziki ule. Naye aliandika mwisho wa kazi zake kwa Kilatini: Sifa kwa Mungu. Johann Sebastian Bach, ambaye hakuwa Mkatoliki lakini hatumwachii Waprotestanti peke yao, alimwandikia rafiki yake mwaka wa 1730 akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ilikuwa nzuri mno mwaka uliotangulia: watu hawakufa kwa wingi, na feza ya maziko ilipunguka. Leo fratri mmoja angesoma barua ile pasipo kujua mwandishi, angesema mara moja: huyu ni mtu wa tumbo.

Inabaki shitaki la tatu, nalo ni zito. Tumchukue Franco Luambo, aliyekufa mwaka wa 1989. Mwaka wa 1973 alitoa wimbo Azda. Ulikuwa tangazo tu, la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen katika Zaire. Wengi walioucheza hawakuwa na feza ya kununua hata gurudumu moja, lakini waliucheza, na ndani ya gitare zile hakuna uvivu hata kidogo. Mwaka wa 1984 mtu yule yule alitoa Candidat na biso Mobutu, kwa uchaguzi wenye mgombea mmoja tu. Kazi zote mbili ziliagizwa. Ya kwanza haikumdai Franco uwongo mkubwa. Gari ni gari. Ya pili ilimdai awaite watu kuchagua pahali ambapo hapakuwa na la kuchagua, naye alijua, kwa maana mwaka wa 1978 serikali ile ile ilimtia gerezani juu ya nyimbo zake. Na muziki wake si mbaya! Hilo ndilo linalotuumiza. Mkono wa fundi haukupungukiwa kitu. Ni kinywa kilichouzwa.

Tangu hapo mambo yameenea. Kwa Kilingala wanasema kutupa libanga, ndiyo kusema kutupa jiwe: mwimbaji anataja katikati ya wimbo jina la mtu aliyemlipa, mfanyabiashara, afisa, ao mtoto wa tajiri aliye Ulaya. Kuna nyimbo za Kinshasa ambamo mawe ni mengi hata yule mchumba aliyekuwa analiliwa amefunikwa nayo kabisa. Kwetu, wakati wa kampeni, kijana aliyeimba jana juu ya mama yake anaimba leo juu ya mgombea, na wiki ijayo juu ya adui wa mgombea huyo. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake ya mwaka wa 1955 juu ya muziki mtakatifu, alisema kwamba asiyekiri kweli za imani asitie mkono katika kazi ya dini. Alisema juu ya mambo ya kanisa, lakini tunafikiri kijana yule angeweza kuisoma kwa faida.

Lakini furushi letu halijaisha, sababu katika miaka ya Ebola tuliona jambo ambalo mashitaki haya matatu hayalifikii. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukamalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliugua watu 3,470, wakafa 2,287. Waimbaji waliitwa na kulipwa ili kufundisha watu: kunawa mikono, kutogusa maiti, kukubali chanjo. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyeimba uwongo. Hata hivyo wengi hawakusadiki, wakasema ni biashara ya Ebola, na mwimbaji ni mmoja wa watu wa riposti anayekula pamoja nao. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulirudishwa nyuma katika Beni na Butembo mpaka Machi 2019, Rais akatangazwa mbele ya sisi kupiga kura, mashaka yakaongezeka. Mwezi wa Februari 2019 nyumba za kutunzia wagonjwa zilishambuliwa, Katwa kwanza, kisha Butembo.

Je, kosa ni la mwimbaji? Nusu yake si lake. Watu waliokwisha kuzika ndugu zao waliouawa kwa panga tangu Oktoba 2014, wakaona magari mengi yanakuja kwa ugonjwa tu, walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini nusu ya pili ni yake, na hapa twasema kama watu wanaopenda muziki. Nyingi katika nyimbo tulizozisikia zilikuwa na kinanda cha umeme kile kile, mwendo ule ule, na maneno yaliyotoka katika karatasi ya Kifaransa, yakageuzwa Kiswahili kwa haraka, pasipo kupita katika Kinande. Mama wa kijiji aliambiwa asimguse mtoto wake aliyekufa. Hakuna wimbo, katika zile tulizozisikia, uliokaa naye ili kutafuta namna gani atamlilia pasipo kumgusa. Mwimbaji alisema kweli ambayo hakuitafuna. Alipokea karatasi, akaitapika pamoja na ngoma. Kama neno "kununuliwa" lina maana yoyote, tunafikiri ni hapa: si pale feza inapoingia mfukoni, ila pale kazi inapoisha siku feza inapoingia.

Kwa sababu hiyo neno lile linatuchoma linapomwangukia mtu fulani tunayemjua. Ni mwalimu wa korali katika parokia moja ya upande wa Beni. Jina lake tunaliacha. Mwaka mmoja walileta maiti saba jioni, nao walipaswa kuzikwa kesho yake. Alikesha na taa ya simu, akatunga wimbo wa sauti nne, kwa Kinande, na majina yote saba yalikuwa ndani. (Majina saba pasipo hata faranga moja, nalo ni libanga la namna yake.) Asubuhi korali ilijifunza wimbo ule kwa masikio chini ya mti, maana karatasi zilikuwa mbili tu. Kisha maziko alipewa Fanta moja na shukrani.

Mwezi uliofuata alimtungia muuza magodoro tangazo la kupitisha katika radio, akalipwa dola 20. Tangu siku ile wanamwita mwimbaji wa kununuliwa, hata waliomwona usiku ule na taa yake. Tumelisikia tangazo lile pia. Sauti ya pili imepangwa vizuri kuliko katika Missa nyingi tunazoziimba, na jina la muuzaji linaingia pahali pake pasipo kusukuma mtu. Dola 8 zilikwenda kwa fotokopi za nyimbo za Pasaka. Zingine zililipa deni la shule ya binti yake.

Tulimwuliza kama tusi linamwumiza. Alisema kwamba linamwumiza mkewe. Jumapili ile alikuwa mbele ya korali kama kawaida, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, akiwapa waimbaji sauti ya kuanzia. Kisha Missa sadaka ilihesabiwa katika sakristia: mafuta ya jenereta, divai, hostia, mshahara wa mlinzi. Korali haikutajwa.