Mukeke wa Kuchoma na Mtoto Anayechagua Chakula

Mchomaji wa samaki hapimwi kwa sifa za watu wazima. Mtu aliyeshinda shambani au ziwani huja kwenye sahani na njaa yake, na njaa husamehe mengi. Pilipili hufunika uchungu wa ngozi iliyoungua, bugali huzima chumvi iliyozidi, na mazungumzo ya jioni humsahaulisha mtu nyama iliyobaki mbichi karibu na mfupa. Mtoto wa miaka minne hasamehi hata kosa moja. Ulimi wake hushika uchungu upesi kuliko wetu, anaogopa mwiba, anachukia moshi, na siku akionja kibaya atafunga mdomo kesho na keshokutwa. Ndiyo maana nasema wazi kwamba, hapa Nundu na pwani yote hii ya Ziwa Tanganyika hadi Baraka, mukeke aliyechomwa vizuri ni yule ambaye mtoto mchaguzi anammaliza bila kubembelezwa.

Ubora huanzia ufukweni, kabla ya moto. Mukeke, ambaye ng'ambo ya Kigoma humwita mgebuka na wataalamu humwandika Lates stappersii, huvuliwa zaidi usiku wa giza. Wavuvi hushusha taa juu ya maji, zamani za mafuta na siku hizi za betri, ndagala, wale samaki wadogo, hukusanyika kwenye mwanga, na mukeke hufuata ndagala ili kuwala. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu na mitumbwi mingi hulala nchi kavu. Basi mnunuzi mwenye akili hutazama mwezi kabla ya kutazama samaki. Ukikuta meza imejaa mukeke katika siku za mwezi mpevu, na muuzaji akakuambia wote ni wa usiku huu, uliza tena kwa upole: «Mama, huyu ametoka maji gani?» Anayeuza samaki wa kweli atakutajia mwalo na saa bila kusita.

Kisha fungua mashavu yake. Yawe mekundu kama damu mbichi. Yakiwa ya kahawia, au yakiwa na ute mzito, mwache hapo hapo. Jicho liwe limejaa na liwe angavu. Bonyeza tumbo kwa kidole: shimo lifutike lenyewe. Harufu iwe ya maji ya ziwa. Jambo ambalo wengi hulipita ni tumbo laini linalopasuka kabla ya kisu. Mukeke aliyeshiba ndagala huharibika kuanzia ndani, kwa hiyo asiyetolewa matumbo mapema hubeba uchungu ambao ndimu haiwezi kuuondoa. Mtoto ataujua uchungu huo kabla yako.

Ukubwa pia ni hukumu. Mukeke mdogo mwenye urefu wa kiganja ana miba myembamba isiyoonekana kwenye mwanga wa koroboi, na hiyo ndiyo humtisha mtoto. Mkubwa ana mifupa inayoshikika, tena inayotoka pamoja na uti wa mgongo. Kuna sababu ya pili ya kukataa wadogo, nayo ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika tunalishiriki na Burundi, Tanzania na Zambia, na samaki wake wamepungua kiasi kwamba mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili wapate kuzaliana. Kila mukeke mdogo tunayemkataa sokoni anamfundisha mvuvi asitumie nyavu za macho madogo.

Kuhe naye asisahaulike. Huyu ni wa jamii moja na ngege, na ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo barani Afrika. Nyama yake ni nyeupe, nene, na haina harufu kali. Kwa mtoto anayekataa kila kitu chenye harufu ya samaki, ningemchagua kuhe kabla ya mukeke. Lakini mafuta ya mukeke ndiyo yanayoufanya moto wa makala, yaani makaa, uwe na maana, na mtoto aliyeyazoea hatamwacha.

Sasa makala. Hapa ndipo wachomaji wengi huanguka, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine pote. Makala yaliyoiva vizuri ni mepesi mkononi, na ukiyagonganisha hulia kwa sauti kali. Yasiyoiva ni mazito, yana rangi ya kahawia ndani, na yakiwekwa kwenye jiko la mbabula hutoa moshi mweupe unaochoma macho. Moshi huo una uchungu wa kuni mbichi, nao hukaa kwenye ngozi ya samaki hata akioshwa kwa ndimu nzima. Mchomaji mzuri huwasha mapema, husubiri ndimi za moto zife, na haweki samaki mpaka makala yavae majivu ya kijivu. Usitazame saa. Weka kiganja juu ya wavu, mahali samaki atakapolala, uhesabu polepole. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya tatu, moto ni mkali na ngozi itaungua huku ndani kukibaki kubichi. Ukifika saba bila shida, samaki atakauka kabla hajaiva. Nne au tano ndipo penyewe.

Mawese yetu ya Fizi hupendeza juu ya mukeke: humpa rangi na huzuia ngozi kushika kwenye wavu. Lakini yapakwe kwa mkono mwepesi. Yakidondoka kwenye makala, moto huruka, na masizi meusi hupanda yakakaa juu ya nyama. Ukiona mchomaji anamwagia mafuta kwa kikombe ili moto uwake wateja waone, nenda kwa jirani yake. Wavu wenyewe uwe umesuguliwa na uwe na joto kabla ya samaki kuwekwa. Mukeke ageuzwe mara moja tu. Anayemgeuza mara tano humrarua, na maji yake yote huishia kwenye majivu.

Kuhusu kukata, nina msimamo. Mukeke wa familia apasuliwe kwa mgongo na kutandazwa, asichomwe mzima. Akiwa mzima ni mzuri kwa macho, lakini kwa meza yenye watoto kupasua kunashinda kwa sababu mbili. Moto hufika sawa kila mahali, na akiiva, uti wa mgongo huinuka mzima mbele ya mtoto, akaona kwa macho yake kwamba mwiba umeondoka. Mtoto huamini anachokiona. Kisha mzazi apitishe vidole vyake safi kwenye kipande mara moja zaidi, hasa upande wa tumbo, ambako mbavu hubaki.

Viungo viwe vichache: chumvi, ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi kidogo. Chumvi itangulie, samaki atoe maji na afutwe akauke. Ndimu ije karibu na moto, kwa sababu ikilala juu yake muda mrefu nyama huwa kama chokaa. Maggi ikiwa nyingi kiasi cha kusikika kabla ya samaki, kuna kitu kinafichwa. Na pilipili ikae kwenye kisahani chake. Mchomaji anayeiponda ndani ya viungo amewafukuza watoto wote kwa kitendo kimoja, hata kama mkono wake ni hodari kwa mengine.

Kuiva hupimwa kwenye mfupa. Ingiza ncha ya kisu mahali panene, nyuma ya kichwa, ufungue kidogo. Nyama iwe nyeupe yote, iachane kwa vipande vyenye unyevu, na mfupa usiwe na wekundu. Ikiwa imekauka na kuvunjika kama unga, amechelewa.

Mbuzi nitamtaja kwa ufupi, maana brosheti, yaani mishikaki, zina wapenzi wao. Kwa mtoto, tazama vipande viwe vidogo na sawa, vimekatwa kukingama na nyuzi, na kila kijiti kiwe na mafuta kidogo kati ya nyama na nyama. Asiyeweza kutafuna brosheti ana haki ya kuitema.

Kinachowekwa kando kina uzito wake. Kachumbari ya nyanya na vitunguu ni nzuri, lakini kanda za afya za Nundu, Fizi na Uvira zimeandamwa na kipindupindu kwa miaka mingi, na mboga mbichi iliyosuuzwa kwa maji ya ziwa yasiyotibiwa ni kosa kubwa kuliko samaki aliyeungua. Uliza maji yametoka wapi. Tazama kama kuna ndoo ya kunawia, sabuni, na kisu cha samaki mbichi kilichotengwa na kile cha aliyeiva. Mahali pasipo hayo, hata mukeke akiwa mzuri kiasi gani, si mahali pa kupeleka mtoto.

Makemba, yaani ndizi za kupika, yaliyochomwa kando ya wavu humsaidia mchaguzi kuliko mchuzi wowote, kwa kuwa ni matamu na ameshayazoea. Tenga vitu kwenye sahani: samaki huku, makemba kule, bugali peke yake. Watoto wengi hukataa chakula kilichogusana. Kipande cha samaki kiwe kidogo kama kidole gumba. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alionyesha katika tafiti zake za miaka ya 1980 kwamba watoto wadogo huanza kupenda chakula kigeni baada ya kukionja mara nyingi, na kwamba kukitazama tu hakutoshi. Kwa hiyo kukataa kwa leo si hukumu ya mwisho juu ya samaki, wala si utukutu. Usimshike kichwa, usimtishe kwa fimbo. Mpe tena safari ijayo, kidogo vile vile.

Yule anayekataa kabisa ngozi na moshi, mfungie samaki kwenye jani la mgomba, kama wanavyofanya liboke kwenye Mto Kongo, umweke pembeni mwa makala. Ataiva kwa mvuke wake.

Na ukienda kula nje, mwombe mchomaji akupasulie samaki mbele yako, asitie pilipili, na akuonyeshe mashavu kabla hajaweka kwenye moto. Mama anayejua kazi yake atakuonyesha kwa furaha, maana ni fahari yake. Anayekasirika kwa ombi hilo, mshukuru, umshike mtoto mkono, mwende meza nyingine.