Usalama Uanzie Kwenye Kipande

Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa matumizi ya shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwemo 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila chumba kwa shilingi milioni 20, na vyote vilitakiwa viwe tayari kabla ya muhula wa Januari 2022. Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, nayo ilipata mgawo wake. Njia iliyotumika ni fosi akaunti: shule inanunua saruji, nondo na mabati, fundi wa eneo hilo anapewa kazi ya mikono tu, na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zinasimamia. Mengi yameandikwa kuhusu fedha na ubora wa madarasa hayo. Jambo ambalo halijachambuliwa vya kutosha ni kwamba utaratibu huo ulimkalisha fundi na anayemlipa kwenye benchi moja, kijijini, mbele ya majirani zao. Ushirikiano ambao wataalamu wa usalama kazini wanauhubiri kwenye semina ulikuwa umeshapata mahali pa kukaa. Haukupewa ajenda, kwa sababu kamati ziliagizwa kulinda fedha, vifaa na ubora wa kazi. Uhai wa anayechimba msingi ulibaki juu yake mwenyewe.

Mtu anaweza kusema sheria ipo, na kweli ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ateue wawakilishi wa usalama na afya kwa maandishi na kwa muda maalumu, na inatambua kamati ambamo wafanyakazi na uongozi hukutana. Ni utaratibu mzuri kwa kiwanda, ambako mfanyakazi wa leo ndiye wa mwakani. Hata bandarini Itungi, zilikoundwa meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma zilizoshushwa majini mwaka 2017, mjenzi alijulikana na mteja alijulikana. Kwenye darasa la kijijini, fundi anakuja na saidia fundi wanne, wawili wanaondoka baada ya wiki kwenda kuvuna mpunga, na wengine wanachukua nafasi zao. Nani atateuliwa kwa muda maalumu? Tena mwajiri ni nani hasa: mkuu wa shule, kamati, halmashauri, au fundi mwenyewe? Utafiti wa Baraza la Taifa la Ujenzi uliochapishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2005, kuhusu ajira kwenye saiti kubwa nchini, ulionyesha kwamba hata kwa makandarasi wakubwa wa Dar es Salaam wafanyakazi wengi walikuwa wa muda. Kama hali ni hiyo penye kampuni zilizosajiliwa, sheria inayotegemea ajira ya kudumu haiwezi kufika Ipinda au Matema, huku Kyela, kwa miguu yake yenyewe.

Ndiyo maana naona ushirikiano wa usalama lazima uanzie pale makubaliano yenyewe yanapofanyika, yaani kwenye kipande, kazi inayopimwa na kulipwa kwa kiasi kilichofanyika. Ujenzi wa shule unaambatana na vyoo, na shimo la choo ndiyo kazi ya hatari kuliko zote. Malipo yake kwa kawaida hupatanwa kwa futi. Bonde la Kyela ni tambarare ya mchanga na tope lililoletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka milima inayolizunguka. Maji yako karibu na uso wa ardhi, na mvua zake ni miongoni mwa nyingi kabisa nchini. Mchimbaji anayelipwa kwa futi hana sababu ya kifedha ya kuurusha udongo mbali. Anaumwaga ukingoni, kwa sababu kila hatua ya ziada inamla muda asiolipwa. Meta moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani mbili, na mzigo huo unaukandamiza ukingo uleule ambao chini yake yupo mtu. Dalili huja mapema: ufa mwembamba juu ya ardhi, sambamba na ukingo, au ukuta wa shimo unaoanza kutoka jasho. Anayeziona ni mchimbaji, wala si mhandisi wa halmashauri anayepita mara chache kukagua. Lakini mchimbaji huyohuyo, kwa namna alivyopatana, akisimama anakosa hela. Upungufu hapo hauko kwenye elimu yake. Bei imepangwa vibaya.

Ukibadilisha kipande, mwenendo unabadilika. Futi ya shimo ikitamkwa kuwa ni kuchimba, kuurusha udongo angalau meta moja kutoka ukingoni, na kuweka mbao za kuzuia kuta kuanzia kimo cha kifua, usalama unakuwa sehemu ya kazi inayolipwa. Jukwaa nalo ni hivyohivyo. Kwa kuwa fundi ana mkataba wa mikono tu na shule ndiyo inayonunua vifaa, mbao na mirunda ya jukwaa inaangukia katikati: shule inadhani ni ya fundi, fundi anadhani ni ya shule, na mwishowe tofali za juu zinajengwa mtu akiwa amesimama kwenye pipa. Mstari mmoja kwenye orodha ya vifaa ungemaliza ubishi huo. Mstari huo unaandikwa kwenye kikao ambacho fundi yupo, na hapo ndipo mamlaka yake ya kweli yalipo, kwa sababu kazi ikishaanza anakuwa mtu wa kuomba.

Pingamizi la kwanza ni gharama: shilingi milioni 20 zilikuwa za kubanabana, utaongezaje mbao? Ni hoja nzito, na jibu lake si kwamba usalama ni bure. Ni kwamba mbao za jukwaa zinahama kutoka darasa hadi darasa, na zinaweza kumilikiwa na kata badala ya shule moja. Pingamizi la pili linasema mafundi wakipewa nafasi ya kusimamisha kazi wataitumia kuvuta muda ili waongezewe malipo. Hilo lingewezekana kwa mtu wa mshahara wa siku. Wa kipande anajichelewesha mwenyewe, hivyo akisimama ujue ameona kitu. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: kwamba kamati za pamoja tumekwisha kuzijaribu. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, lakini mengi yalitawaliwa na uongozi, wafanyakazi wakabaki wasikilizaji, na baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 hasira zao zikatokea kwenye migomo. Funzo la miaka ile ni kwamba kukaa pamoja hakutoshi kama upande mmoja umeteuliwa na mwingine. Uingereza, uchambuzi wa Reilly, Paci na Holl uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha jambo hilohilo kwa takwimu za viwanda: ajali zilikuwa chache zaidi kwenye viwanda vyenye kamati ambazo wawakilishi wa wafanyakazi waliteuliwa na vyama vyao wenyewe. Kwa hiyo fundi wa kwenye kamati achaguliwe na mafundi wa kata, asiwe ndugu wa mwenyekiti.

Wengine watasubiri ukaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Ofisi yake ya kanda iko Mbeya, na wakaguzi hawawezi kuwa kwenye kila shimo kutoka Kasumulu hadi Matema. Fidia nayo, kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi mwaka 2015, ni haki isiyopaswa kuguswa, ila inakuja mtu akiwa ameshaumia. Na hata palipo na ofisi zote karibu, jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu 36.

Halmashauri ya Kyela inaweza kuanza na jengo linalofuata bila kusubiri sheria mpya. Mhandisi wa wilaya aandike kipande cha shimo na cha jukwaa kwa Kiswahili kinachosomeka, chama cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi, TAMICO, kisaidie mafundi wa kata kumchagua mwakilishi wao, na kamati ya ujenzi isiruhusu jembe la kwanza kabla ya fundi huyo kuweka sahihi. Mkuu wa shule unayesoma hapa, kwenye kikao chako kijacho uliza swali moja kabla ya bei ya saruji: mbao za jukwaa ni za nani?