Riwaya Zinazomshinda Msomaji: Kosa Liko Wapi?

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kuna jambo ambalo hatulisemi hadharani, nalo ni kwamba baadhi ya vitabu tunavyovisifu hatukuvimaliza. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake kwamba Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ilimshinda katikati. Nilimpunguzia alama. Baadaye nilikifungua kitabu changu mwenyewe, nikaona kwamba mistari niliyoipiga kwa kalamu inakoma karibu na pale pale alipokomea yeye. Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi huyo kwa haki.

Jibu la haraka ni kwamba Shaaban Robert anahubiri mno. Jibu hili halitoshi. Adili na Nduguze (1952) inahubiri vivyo hivyo, na majina ya wahusika wake ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Hata hivyo, sijapata kukutana na mwanafunzi aliyeshindwa kuimaliza. Sababu yake ni fundo la kisa. Mtawala anayesifiwa kwa huruma huwapiga manyani wawili kila usiku. Kwa nini? Msomaji hataki kulala kabla ya kujua. Mawaidha yanapokuja, huja kama jibu la swali ambalo yeye mwenyewe ameshaliuliza.

Utubora Mkulima, iliyotolewa 1968, miaka sita baada ya kufa kwa mwandishi, haina swali la namna hiyo. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini, anakwenda kulima. Uamuzi huo ni mzito, na katika nchi zetu, ambako vijana wangali wanakimbilia mijini, ungeweza kuzaa mgogoro mkubwa. Lakini hatuingiwi na shaka hata mara moja kwamba mtu huyu ataangukia upande wa wema. Jembe linasifiwa kabla halijamtoa malengelenge. Lugha ni safi, sentensi zimepimwa kama mizani ya shairi. Ila msomaji amepewa jibu, naye hakuuliza neno. Hapo kosa ni la kitabu, na heshima tunayompa mwandishi haitubidishi kulificha.

Yatupasa lakini tutofautishe kitabu kibaya na kitabu kigumu. Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi ni fupi mno, nayo ilinishinda mara mbili. Mahali na nyakati hazishikiki, na maswali ya falsafa yamekalia kiti cha visa. Nilikuwa nimezoea Rosa Mistika (1971), ambamo mambo yanafuatana kama maisha yenyewe, nikadhani mwandishi ameniacha njiani. Mara ya tatu niliacha kutafuta kisa, nikafuata msako wenyewe. Ndipo nilipotambua kwamba kutoshikika huko ndiko maudhui. Hapo kosa lilikuwa langu.

Basi kipimo ninachopendekeza ni hiki. Msomaji aliyekiweka kitabu chini na ajiulize: je, niliacha kwa sababu nilikuwa na maswali mengi nisiyoweza kuyajibu, au kwa sababu sikuwa na swali lolote? Wa kwanza arudi. Wa pili aeleze, kwa ushahidi wa kurasa, ni wapi fundo lilipokosekana. Huo ni uhakiki, na una manufaa kuliko sifa za kukariri.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, wenzangu walikiri bila haya kwamba Finnegans Wake (1939) ya James Joyce iliwashinda, na mjadala ukaanzia hapo. Kwetu neno "ilinishinda" huhesabiwa uvivu. Mwanafunzi wangu hakuwa mvivu. Alisoma kwa uaminifu hadi pale alipochoka, akasema kweli. Alama zile alistahili kuzipata.