Kerneli Iliposahau Kwamba Inaandika

Oktoba 2016 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingiza kwenye kerneli yake marekebisho ya mistari isiyofika 20, kuziba tundu lililokuja kujulikana kama Dirty COW. Tundu hilo lilikuwamo angalau tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Nikiusoma msimbo wa zamani naelewa lilivyojificha: kila mstari, ukiutazama peke yake, uko sawa.

Programu ikigusa ukurasa wa kumbukumbu usio tayari, au ikitaka kuandika palipo pa kusoma tu, prosesa huikatiza na kuikabidhi kerneli kazi. Hiyo ndiyo hitilafu ya ukurasa, na ni jambo la kila siku. Faili likiwekwa kwenye kumbukumbu kwa matumizi binafsi, ukurasa wake hutolewa nakala pale unapoandikwa (copy-on-write, ndiyo COW). Kinachochafuliwa ni nakala, faili la asili linabaki salama.

Sasa tazama hapa. Ombi la programu la kuandika kwa nguvu palipo pa kusoma tu linaingia na alama ya FOLL_WRITE. Nakala inatolewa, lakini nayo ni ya kusoma tu, kwa hiyo ombi lingekwama kwenye hitilafu ile ile bila mwisho. Dawa ya zamani ilikuwa kuifuta FOLL_WRITE, kisha kuutafuta ukurasa upya. Kati ya kufuta na kutafuta pana upenyo. Uzi wa pili wa programu hiyo ukiita madvise kwa MADV_DONTNEED, yaani kuiambia kerneli kwamba ukurasa hauhitajiki, wakati huo huo, nakala inatupwa. Kerneli inarudi, inaona ombi la kusoma, inatoa ukurasa wa asili, na maandishi yanatua humo. Mtumiaji wa kawaida ameandika ndani ya faili la root, msimamizi mkuu wa mfumo!

Marekebisho ya 2016 hayakufuta alama yoyote. FOLL_WRITE ilibaki, FOLL_COW iliongezwa kushuhudia kwamba nakala imetolewa, na ukurasa ulilazimika kuwa na alama ya uchafu, yaani kwamba umeandikwa. Torvalds aliandika waziwazi kwamba alijaribu kuliziba tundu hili miaka 11 kabla, vibaya, na kazi yake ikaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za s390. Namheshimu kwa hilo. Mkaguzi anahitaji historia ya namna hiyo.

Kanuni hiyo ya alama ya uchafu ilipohamishiwa kwenye kurasa kubwa za kumbukumbu mwaka 2017, ilikuta msimbo mwingine unaoweka alama ya uchafu hata pasipo nakala. Novemba mwaka huo likatangazwa tundu jipya, CVE-2017-1000405. Ndiyo maana nikipewa badiliko la aina hii, kabla ya kusoma mistari mipya natafuta kila mahali pengine panapoigusa alama inayotegemewa.