Lamadi kabla ya Mwanza: siku ya mapumziko inavyopangwa

Anayetoka Sirari kwenda Mwanza kwa baiskeli, peke yake na mizigo yake, huvuka Mto Mara pale Kirumi, akaipita Bunda, kisha akaanza kuambaa na Serengeti. Barabara inapita mlangoni kabisa mwa Ndabaka: kushoto hifadhi, kulia Ghuba ya Speke. Hapo si mahali pa kupiga hema. Mji unaofuata ni Lamadi, wilayani Busega, njia panda ya kwenda Bariadi, na Mwanza bado iko zaidi ya kilomita 100 mbele. Wengi hujikaza wafike jijini ndipo wapumzike. Hesabu hiyo ina kasoro.

Mwanza ni jiji la vilima na mawe. Gesti iko mtaa huu, chakula mtaa ule, spea za baiskeli kwingine kabisa, na katikati kuna foleni, jua na mteremko ambao lazima uupande tena ukirudi. Miguu iliyokuja kupumzika inashinda kutwa kazini. Lamadi ni tofauti: gesti, mama lishe, fundi baiskeli, duka la dawa na wakala wa pesa vyote vimejipanga kando ya lami, mtu anavifikia kwa kandambili.

Tofauti hii ina uzito mkubwa zaidi kwa anayesafiri bila mwenzake. Msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town tangu mwaka 2003, una malori yanayobeba mizigo na wapishi wanaowatangulia waendeshaji. Wakipumzika Arusha, wanapumzika kweli. Mskoti Mark Beaumont alikata njia ya Cairo hadi Cape Town mwaka 2015 kwa siku 41 na saa chache, na mwendo wa namna hiyo haumwachii mtu siku nzima ya kukaa. Msafiri wa kawaida wa peke yake hana lori, wala hana rekodi anayoikimbiza. Afue nguo, atengeneze baiskeli, atafute chakula na alinde mali yake, yote mwenyewe. Mji mdogo ndio unaomsaidia, kwa sababu unafupisha kila safari ya siku hiyo.

Kazi huanza kwenye kitabu cha wageni cha gesti: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Chumba kiwe cha chini, chenye mlango unaopitisha baiskeli, na chandarua kisicho na matundu, maana Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. Kuhusu maji, jibu ni moja tu. Ziwa linavutia baada ya vumbi la siku nzima, lakini kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache. Ya kuoga yawe ya bomba au ya kisima.

Halafu mtu ale. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli, ambayo ndiyo nguvu ya kupandia milima, ikishaisha huhitaji takriban saa 24 kujaa tena, na hujaa vizuri mtu akila gramu 7 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni karibu nusu kilo ya wanga mtupu, au zaidi, kwa siku moja. Kiasi hicho hakipatikani kwa chai na mandazi mawili. Bahati nzuri, Usukuma ni nchi ya wanga: ugali wa udaga, viazi vitamu, wali, na michembe au matobolwa ya kutafuna kati ya mlo na mlo. Sato wa mchuzi anajenga misuli iliyochoka, na chumvi ya mchuzi huo inarudisha iliyotoka kwa jasho.

Baiskeli ndiyo inayohitaji akili zaidi. Mafundi wa ukanda huu wana mikono mizuri, kwa kuwa baiskeli hapa hubeba abiria, mkaa na magunia kila siku. Shida iko kwenye vipimo. Tairi la “namba 28” linaloning'inia dukani ni la baiskeli ya mizigo, lenye kipenyo cha milimita 635 pale linapokaa kwenye rimu. Baiskeli nyingi za kisasa za safari zina rimu ya milimita 622, nayo pia wengine huiita 28. Milimita 13 zinatosha tairi lisikae kabisa. Tyubu huvutika, kwa hiyo inaweza kukubali, lakini valvu yake nene haipiti kwenye tundu jembamba la milimita sita na nusu lililotobolewa kwa valvu nyembamba za kigeni. Ndiyo maana tyubu zote zilizopata pancha zinapigwa viraka siku hii, zinajazwa upepo na kuachwa mpaka jioni ili ionekane ipi inavuja. Spoku zikazwe, cheni isuguliwe mchanga utoke.

Wakati viraka vinakauka, watu wanazungumza. Anayejua kuitikia “mwangaluka” ya asubuhi na “mwadila” ya jioni huambiwa hali ya barabara. Dervla Murphy wa Ireland, aliyeendesha peke yake kutoka Kenya hadi Zimbabwe mwaka 1992 akiwa na miaka 60, aliacha mazungumzo ya namna hii yaamue kitabu chake: kila alipotua watu walimweleza juu ya ukimwi, na kitabu kikaitwa The Ukimwi Road.

Kuondoka ni saa 12 asubuhi, mara kukianza kupambazuka. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukamkabili anayeelekea Magu na Kisesa.

Mbele ya Mwanza, mpango umebadilika. Kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo–Busisi kilimlazimisha msafiri kukaa foleni, na wengine waliihesabu saa hiyo kama mapumziko. Tangu tarehe 19 Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Anayelala Lamadi anaweza sasa kuipita Mwanza kwa usiku mmoja tu, akavuka asubuhi, na kuiweka siku yake nyingine ya kukaa Sengerema au Geita, kabla ya njia ndefu ya Biharamulo.