Fundi Asiyekimbilia Spana

Nyakoe haina ufuo. Ni soko la milimani, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, na anayechagua mkungu wa ndizi pale hana sababu ya kufikiria boti. Lakini ndizi za Kisii huliwa mpaka visiwani. Zikishafika Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, zile za kisiwa cha Mfangano hazina njia nyingine ila maji, na juu ya maji hayo hutegemea injini ya kufunga nyuma ya boti, mara nyingi Yamaha kuukuu iliyopita mikono mingi. Injini ikigoma asubuhi, ndizi huivia ufuoni.

Sisi Abagusii tunajua kuusifu ufundi unaoonekana. Jiwe la sabuni la Tabaka likishachongwa, hubaki mezani, liwe Nairobi au Ulaya, likimsemea mchongaji. Fundi wa injini ya boti hana cha kuweka mezani. Injini ilikuwa kimya, sasa inanguruma, nahodha ameondoka. Nataka kumsifu huyo.

Fundi hodari huanza kwa maswali. “Mzee, ilizimika ghafla ama ilidhoofika polepole?” Ikiwa ghafla, shaka yake huenda kwanza kwenye umeme; ikiwa ilikohoa na kufifia, huenda kwenye mafuta. “Petroli hii ni ya lini? Mlichanganya oili kiasi gani?” Injini nyingi za aina hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, lita 50 kwa lita 1, na anayekisia kipimo huja kujuta.

Kisha hugusa vile visivyohitaji kufunguliwa. Klipu ya kamba ya usalama ipo mahali pake? Gia ipo katikati? Skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi imelegezwa? Ikiachwa imefungwa, tangi hukosa hewa, petroli haivutiki tena, na injini iliyowaka vizuri huzima baada ya dakika chache. Pampu ya mkono ikiminywa inakuwa ngumu? Isipokuwa ngumu kamwe, ama tangi limekauka ama kuna mahali hewa inaingia.

Baada ya hapo ndipo plagi hutolewa. Plagi kavu, baada ya kamba kuvutwa mara nyingi, inasema petroli haifiki. Iliyolowa inasema petroli imefika ila haikuungua: choki imevutwa kupita kiasi, au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye masizi ina habari nyingine, na hapa ziwa letu lina jambo lake. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo injini iliyopimiwa pwani hupata petroli nyingi kuliko hewa, hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake na kuchafua plagi mapema. Fundi wa Lamu hupigana na chumvi, wa Mbita hupigana na masizi.

Kinachonivutia zaidi ni namna anavyotumia silinda mbili. Moja ikikataa kuwaka, hakimbilii duka la vipuri. Huhamisha plagi: ya kushoto huiweka kulia, ya kulia kushoto. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, hufuata waya na koili. Hajatumia hata shilingi, na tayari nusu ya mashaka yameondoka. Hayo ni mawazo ya kisayansi, yakifanywa na mtu aliyekanyaga matope ya ufuo.

Kabureta huja baadaye. Petroli iliyolala miezi huacha utomvu unaoziba tundu la jeti, tundu jembamba mno. Fundi mwenye subira huliosha na kulipuliza. Mwenye haraka huchokoa kwa waya, akalipanua, na tangu siku hiyo injini hunywa petroli bila kipimo. Mwisho kabisa, umeme ukiwa umekatwa, huziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuagiza kamba ivutwe. Kidole kisiposukumwa kwa nguvu, basi huenda ni ringi za pistoni zilizochakaa, na hapo atasema wazi kwamba kazi itakuwa kubwa.

Tangu Ole Evinrude aanze kuuza injini za namna hii huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, mahitaji ni yale yale: petroli, hewa, cheche na mgandamizo.

Linalonisikitisha ni malipo. Mteja hulipia kabureta mpya bila kinyongo, hata kama hakuihitaji. Akiambiwa kosa lilikuwa skrubu ya hewa tu, huona ameibiwa. Wenye boti, na sisi wa milimani tunaowapakilia mizigo, nawaomba: mlipeni fundi kwa kosa alilolipata, hata kama hakubadilisha kipuri chochote. Na kabla ya kung'oa nanga, wekeni botini plagi mbili mpya na spana yake.